Ufunguo wa Kizimba

Ufunguo ulianguka wakati shemeji alipokuwa anaikung'uta jaketi yangu ili aitundike. Uligonga sakafu ya simiti ukalala hapo mbele ya watu wote: ufunguo mnene wa shaba, na kibati chekundu chenye namba nne. Ndugu yangu mdogo alikuwa ameketi kando yangu, na mama kwenye kochi, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Aliutazama ufunguo, akanitazama mimi, halafu uso wake ukachangamka vile sijauona ukichangamka tangu baba atuache.

"Ero! Huo hapo!" alisema. "Si niliwaambia? Amenunua mlango!"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa chai na mandazi. Haki ya Mungu, ningemeza haraka nikasema, "La, mama, huu si wa mlango," mambo yangeishia hapo. Sikusema. Nilitafuna polepole kama mbuzi. Mama akafumba macho akamshukuru Mungu kwa sauti, na shemeji, mke wa ndugu yangu mdogo, akauokota ufunguo, akaufuta kwa leso yake, akauweka mezani karibu na Biblia.

Kwetu, upande wa Kendu Bay, mtoto wa kiume wa kwanza ndiye hutangulia kujenga nyumba yake ndani ya boma la wazazi. Nyumba hiyo ya kijana tunaiita simba, na si lazima iwe kubwa. Lakini mpaka isimame, na mwenyewe alale ndani yake, mdogo wake hawezi kuchimba hata shimo la nguzo. Akichimba, amemruka mkubwa. Na kumruka mkubwa ni mkosi ambao hakuna mtu kwetu anauchezea, awe Msabato, awe Mkatoliki, awe na digrii tatu. Siku hizi mtu akiamua kujenga huanza kwa kununua mlango wa chuma. Mlango ndio ushahidi. Kuta zitafuata.

Mimi ndiye mkubwa, na sikuwa nimejenga. Nilitoka bweni nikaenda chuo, nikatoka chuo nikapanda ndege, na kila nikirudi nalala hoteli mjini Homa Bay, kwa sababu mwanamume mzima halali chini ya paa la mama yake. Ndugu yangu ameoa, ana watoto, na anakaa chumba cha kupanga kule Macalder, anakofanya kazi kwenye mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu. Akija kumwona mama, hulala kwa jirani. Kwa hiyo mama huishi peke yake. Wiki ile, jioni moja, aliteleza akifungia mbuzi, akavunjika mkono, akakaa palepale kwenye tope mpaka asubuhi, mwenye kuleta maziwa alipomkuta. Ndiyo sababu nilikuja mbio. Na ndiyo sababu mama alitaka kitu kimoja tu duniani: ndugu yangu ajenge, awe karibu, ili mama mwenyewe asianguke tena bila mtu wa kumsikia.

Sasa niseme huo ufunguo ulitoka wapi.

Nafanya kazi kwenye mtambo wa utafiti, katika nchi ya baridi, ambako wanasayansi wanajaribu kupata nguvu kwa njia ile jua linavyoipata, kwa kuunganisha viini vya atomi za haidrojeni. Ili viungane, gesi lazima ipate moto mpaka ilipite joto la katikati ya jua lenyewe. Ikifika huko si gesi tena, inaitwa plazma, na hakuna sufuria ya kuibeba. Huelea katikati ya sumaku kubwa. Plazma yenyewe siigusi. Mimi ni mtu wa stima ya kuichemshia. Kuna mirija mirefu inayotoa mawimbi kama yale ya ovena ya maikrowevu, ila makali mno, na mirija hiyo inataka stima ya maelfu kwa maelfu ya volti, tulivu, isiyotikisika, inayokatika kabla hujapepesa jicho cheche ikiruka ndani. Kuiandaa stima hiyo, kuituliza na kuikata ndiyo kazi inayonilisha.

Siku ya kwanza nilipomweleza mama nilishindwa. Ndugu yangu akaingilia. "Mama, unajua mtambo wetu Macalder ukianza, taa za soko zote zinafifia? Basi wake ni mkubwa zaidi. Ukianza, mji mzima ungefifia. Kazi yake ni kuhakikisha mji haujui."

"Na huo mtambo unasaga nini?" mama aliuliza.

"Hewa," ndugu yangu akasema.

"Yawa! Nimesomesha mtoto akaenda ng'ambo kusaga hewa!"

Tulicheka siku hiyo mpaka mbavu zikauma. Tangu hapo kanisani alikuwa anawaambia wenzake kwamba mwanawe anawasha jua, na mimi, mjinga, nilikuwa naona fahari.

Makabati ya stima hiyo yako ndani ya kizimba cha wavu. Nje ya kizimba kuna sanduku la funguo. Kila anayeingia huchomoa ufunguo mmoja akaingia nao mfukoni. Sanduku likibaki na tundu moja tupu, swichi kuu haiwaki, hata mkurugenzi alie machozi. Ufunguo mfukoni mwako unawaambia wenzako: niko ndani, msiniue. Na katika mambo hayo mimi ndiye mkali kuliko wote. Profesa mmoja mgeni aliwahi kwenda kula chakula cha mchana na ufunguo wetu. Aliporudi nilimfokea mbele ya wanafunzi wake bila haya. "Watu wote hawa," nilimwambia, "wanangoja mfuko wako!" Masikio yake yakawa mekundu. Nilijisikia vizuri siku nzima.

Basi siku ile nilikuwa ndani ya kizimba, na simu haziruhusiwi mle, mwenzangu akaja akaniita kwa mkono: nyumbani kwenu wanakutafuta. Nilitoka. Ndugu yangu akaniambia kwa simu kwamba mama ameanguka. Kutoka hapo sikumbuki vizuri. Nakumbuka teksi, nakumbuka nikigombana na mtu wa uwanja wa ndege, nakumbuka Kisumu na jua lake. Ufunguo sikuukumbuka mpaka ulipogonga sakafu ya mama.

Chai haijaisha, simu yangu ikalia. Alikuwa mkubwa wangu wa kazi, mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti.

"Uko wapi?" aliuliza.

"Nyumbani. Kenya."

"Rudia tafadhali. Nataka wote wakusikie."

Nilirudia, nikaeleza habari ya mama. Nikasikia watu wakishusha pumzi, wengi kwa pamoja. Asubuhi hiyo walipotaka kuwasha walikuta tundu namba nne tupu. Ufunguo wa akiba upo, lakini hautolewi mpaka mwenye ule wa kwanza asikike kwa sauti yake mwenyewe. Walikuwa wamezunguka vizimba vyote na tochi wakiita jina langu. Walikuwa wameinua mbao za sakafu kuangalia kama nimelala chini huko nimekufa. "Mpe mama pole," alisema. "Ufunguo uje nao ukirudi." Basi. Hata hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Nilipoweka simu chini, wote watatu walikuwa wananitazama. Ndugu yangu anajua Kiingereza vizuri. Mama anajua kidogo, lakini uso wangu aliusoma wote.

"Si wa mlango," nilisema.

"Nimesikia," mama akasema. "Sawa."

Jamani. Ningepigwa kofi ingekuwa rahisi. Alinyoosha ule mkono mzima, akausukuma ufunguo taratibu mpaka upande wangu wa meza, mbali na Biblia, kisha akaomba aongezewe chai. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndugu yangu akanigeukia. "Walikungoja tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi!" Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo liliniumiza. "Mtambo mzima umesimama, watu wameng'oa sakafu. Tangu asubuhi ya leo!"

Nikashikwa na hasira, kwa sababu mimi nikiaibika hukimbilia hasira, hiyo tabia nimezaliwa nayo. Nikatoa simu nikawaonyesha mchoro wa nyumba yangu, ile ya mawe, ya ghorofa, yenye roshani inayotazama ziwa. Niliwaambia sikukataa kujenga, nataka kujenga kitu cha maana, siwezi kurudi na masomo yote haya nisimamishe kibanda.

"Hiyo nyumba ya simu tunaijua," mama alisema. "Ulituonyesha kwenye msiba wa baba yako."

"Basi ajenge!" nilipayuka, nikimnyooshea ndugu yangu kidole. "Nani amekuzuia? Jenga kesho!"

"Nikuruke?" aliuliza, polepole.

"Niruke!"

"Usirudie neno hilo kwa nyumba yangu," mama akasema.

Hapo shemeji akaweka birika chini. Yeye ni Mkuria wa upande wa Migori, na kwa heshima yake nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili, ingawa Kijaluo chake siku hizi kinapita changu. Ni mtu wa maneno machache. "Shemeji," alisema, "nikuulize tu. Huko kwenu, mtu akiruka ufunguo wa mwenzake akawasha, inakuwaje?"

"Anaua mtu."

"Haya," akasema, akaanza kukusanya vikombe. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa."

Nilienda hotelini. Nilikuwa namwona yule profesa, masikio yake mekundu, na nasikia sauti yangu mwenyewe ikimfokea.

Kesho yake, Ijumaa, nilirudi jua limeshapanda. Nilimkuta mama nje kwenye kiti, nikamwambia kabla ya salamu: "Najenga leo."

"Leo ni Ijumaa, wuoda, mwanangu."

Nilikuwa nimesahau. Sisi ni Wasabato. Jua likizama Ijumaa, nyundo zote zinawekwa chini mpaka Jumamosi jua lizame tena, na Jumapili nilikuwa na ndege. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa linafungwa mchana, mwenye duka naye ni wa kanisa letu. Nilipiga simu hapa, nikapiga pale. Fundi wa mabati alikuwa Sindo kwa matanga. Nilisimama katikati ya boma na simu mkononi, mtu wa volti elfu ngapi sijui, nisiye na msumari mmoja.

Ndugu yangu alinigusa bega. "Omera, kaka, kuja."

Alinipeleka nyuma ya jiko la mama. Kulikuwa na kitu kimefunikwa kwa magunia, na mimi kwa miaka nilidhani ni kuni. Alifunua. Yalikuwa mabati, yamepangwa vizuri, na kando yake nguzo za mkalitusi. Alivinunua alipooa. Alivileta, akavifunika, akangoja. Mabati ya juu yalikuwa na kutu pembeni, na nguzo zilikuwa zimeliwa na mchwa upande wa chini, ukizigonga zinatoa unga.

"Tukizikata hapa," alisema akionyesha kwa kiganja, "sehemu ya juu bado ni ngumu. Itakuwa fupi kidogo, lakini itasimama."

"Hivi ni vyako," nilimwambia. "Hivi ni vya nyumba yako."

"Nyumba gani?" aliniuliza, na hakuwa anaringa wala kuchokoza. Alikuwa ananiuliza tu. "Shika huko. Jua halitungoji."

Nililia. Sioni haja ya kuficha. Nilishika upande wangu wa bati, machozi yakinitoka kama mtoto, na yeye akajifanya haoni.

Tulichimba. Yaani yeye alichimba, mimi nikapata malengelenge. Shemeji alikanda udongo, majirani wawili wakaja kusaidia kukandika ukuta wa mbele tu, kwa sababu muda haukuruhusu zaidi. Kuta nyingine tukapigilia mabati. Paa lilikuwa chini hivi kwamba mimi huingia nimeinama. Mlango ulikuwa wa mbao, uliong'olewa kwenye banda la kuku, ukaoshwa. Mama alikaa kwenye kiti chake akitazama upande wa ziwa, kila mara akitangaza: "Limefika juu ya ule mti. Limeshuka kwa mti." Msumari wa mwisho ulipoingia jua lilikuwa limebaki ukucha. Mama akasema, "Acheni," tukaacha.

Nililala humo, chini, kwenye mkeka, kama inavyotakiwa. Juu yangu mabati ya ndugu yangu. Yalikuwa na harufu ya magunia.

Jumapili asubuhi, duka lilipofunguliwa, nilikuwa wa kwanza mlangoni. Nilinunua mabati mapya, mazito kuliko yale, misumari, na mifuko ya simiti. Nilinunua kwa fujo, mwenye duka akaniuliza kama najenga shule. Pikapu ilileta vyote nyumbani. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa mlima wa Homa, na hapakuwa na pahali pengine pakavu, kwa hiyo tukavipanga ndani ya simba yangu mpaka hapakuwa na nafasi ya kusimama. Ndugu yangu akaingiza pia jembe lake, kamba yake ya kupimia, na nyundo. Alikuwa anapiga mluzi. Alitembea hatua kadhaa kutoka mlango wangu, akachomeka kijiti chini, akamwita mkewe aje aone. Shemeji akasimama hapo karibu na kijiti, mikono kiunoni, akazunguka polepole akitazama pande zote. Hapo ndipo jiko lake lingekuwa.

"Kesho kutwa naanza msingi," ndugu yangu aliniambia.

Teksi ikapiga honi. Mama akaniombea. Nikamkumbatia upande wa mkono mzima. Kisha akasema kwa sauti ya furaha, ili majirani wasikie: "Wuoda, funga nyumba yako!" Wote wakacheka wakapiga makofi. Nikajipatia hadhi yangu hapo mbele ya watu: nikasukuma mlango wa banda la kuku, nikapitisha kufuli mpya ya dukani, nikaibana. Kisha nikakimbilia gari.

Kazini walinipokea kwa utani. Mtu alikuwa ametundika kengele ya ng'ombe juu ya sanduku la funguo, eti nivae shingoni nisipotee tena. Nilicheka nao. Niliingiza mkono kwenye jaketi mbele ya wote, ili nirudishe namba nne mahali pake, na kilichotoka ni funguo mbili. Mmoja mnene wa shaba. Mwingine mdogo, mpya, bado una mafuta ya kiwandani.

Nilikuwa na ujumbe wa ndugu yangu kwenye simu tangu siku iliyotangulia, sikuwa nimeufungua. Nilirudisha namba nne kwenye tundu lake, nikatoka nje kwenye baridi nikampigia.

"Mkubwa," alisema, "tumetafuta ufunguo kila mahali. Mama amesema pengine uliuweka chini ya jiwe. Tumeinua mawe yote."

"Vunja," nilimwambia. "Vunja hiyo kufuli sasa hivi. Hiyo ni kufuli ya dukani, piga na jiwe moja."

Nilisikia kuku, na watu.

"Nivunje mlango wa mkubwa? Nyumba bado mpya hivi?"

"Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye ninasema! Si unasikia sauti yangu?"

"Naisikia," alisema. "Lakini wazee wamekataa. Nyumba haivunjwi na mdogo. Wanasema tukivunja tutaanza kila kitu upya." Kisha, kama anayenipa pole: "Mafundi niliowaleta kutoka Macalder wamerudi. Si neno. Utume tu kwa posta, au uje nao ukija."

Kule ndani, nyuma yangu, swichi kuu iliwashwa, na mtambo ukaanza kunguruma. Sanduku lilikuwa limejaa.

Mama alichukua simu. Nilisikia pumzi yake karibu na sikio.

"Usijisumbue, wuoda," alisema. "Sisi tumezoea."